Hugh Tracey, maiki mkononi: kutoka Kapkatet hadi chumba cha mpwa wangu Nakuru

Mpwa wangu anakaa Nakuru, mtaa wa Bondeni, ule mtaa wa zamani ambao Mswahili yeyote akishuka kwenye gari la Mombasa huulizia kwanza. Kijana huyu hana kazi ya kuajiriwa. Ana chumba kimoja cha mabati, kompyuta ya mtumba, maiki moja aliyoinunua kwa kudunduliza, na magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani kwa misumari. Hapo ndipo anaporekodi watu: vijana wa kufoka, kwaya za makanisa ya jirani, na Rabiul Awwal ikifika, wanafunzi wa madrasa na kasida zao.

Nilimtembelea mwezi wa Disemba nikakaa siku nne. Siku ya pili alikuja kijana wa Kikipsigis kutoka upande wa Kericho kurekodi wimbo, na walipokuwa wanasubiri mvua ipungue juu ya mabati (mvua ikipiga bati hakuna kurekodi, kazi husimama), alitoa simu akatuchezea kitu cha zamani. Sauti za wasichana, nyembamba, zimepandana kama watu wanaopokezana ndoo, na chini yake ala ya nyuzi inazunguka palepale bila kuchoka. Sikuelewa neno hata moja isipokuwa lile lililorudiwarudiwa: Chemirocha. Akatueleza kwamba wimbo huo ulirekodiwa kwao, Kapkatet, mwaka 1950, na Mzungu aliyekuja na lori.

Nami ni mtu wa kalamu, si wa muziki. Lakini sauti ile ilikuwa safi kiasi kwamba niliona haya. Nitaeleza haya hiyo mbele. Kwanza nimweleze Mzungu mwenyewe, kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikimsoma, na naona maisha yake yana faida kwa kila kijana wa pwani mwenye maiki chumbani.

Jina lake Hugh Tracey. Alizaliwa mwaka 1903 katika jimbo la Devon, Uingereza, kwenye nyumba ya watoto wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa hata miaka ishirini hajatimiza, alipanda meli akaenda Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kumsaidia kaka yake shamba la tumbaku. Hakwenda kwa ajili ya ngoma. Alikwenda kulima, na kulima huko kulimaanisha kushinda jua zima pamoja na vibarua Wakaranga, ambao ni Washona. Wenyewe walikuwa wakiimba kazini, kama wanavyoimba wachukuzi wetu na mabaharia. Tracey akajifunza lugha yao, akaanza kuimba pamoja nao. Wazungu wenziwe walimwona amepungukiwa. Katika nchi ile, enzi zile, Mwafrika akiimba Mzungu alisikia kelele, na mishonari alisikia dhambi.

Hapa nisimame kidogo juu ya miaka yenyewe, maana ina maana. Maiki ya umeme iliingia kwenye kazi ya kutengeneza santuri mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji aliingiza kichwa chake mbele ya pembe kubwa ya bati akapiga kelele, na mtetemo wa sauti yake ndio uliosukuma sindano. Sauti laini haikunasika. Zumari na tarumbeta zilipita, udi ulipotea. Maiki ilipokuja, mtu aliweza kuimba kama anavyozungumza na akasikika. Ndani ya miaka mitatu minne ulimwengu mzima ukaanza kurekodiwa. Mwaka 1927 kampuni ya Victor ilipeleka mitambo katika mji mdogo wa Bristol, Tennessee, huko Marekani, na mmoja wa waliojitokeza kuimba alikuwa mfanyakazi wa reli mwenye kifua kikuu, Jimmie Rodgers. Mwaka 1928 Siti binti Saad wetu alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay akaimba mbele ya maiki ya kampuni ya His Master's Voice. Na mwaka 1929 Hugh Tracey, mkulima wa tumbaku, alisikia kwamba kampuni ya Columbia imeleta mitambo Johannesburg. Akakusanya vijana kumi na wanne wa Kikaranga, akawasafirisha mamia ya kilomita kwenda kuimba. Santuri zile zinahesabiwa kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za muziki wa wenyeji wa nchi ile.

Jimmie Rodgers, Siti, na vibarua wa tumbaku. Hawakujuana hata kidogo, lakini majina mawili kati ya haya yatakutana tena Bonde la Ufa, kwa hivyo mshikilie Rodgers kichwani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Tracey alikutana London na watunzi wakubwa wa muziki wa Kiingereza, Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams. Aliwapelekea alichokuwa nacho, akataka ushauri. Ushauri wao, kwa ufupi, ulikuwa kwamba asipoteze muda kuandika nadharia. Aende akakusanye, maana mambo haya yakiondoka hayarudi. Akapata ufadhili wa Carnegie akazunguka Rhodesia ya Kusini akinasa nyimbo. Fedha zilipokwisha akaingia kazini katika shirika la utangazaji la Afrika Kusini, na kuanzia 1936 hadi 1947 alikuwa mkuu wa studio ya Durban. Huko ndiko alikojifunza kazi ya maiki kwa kila siku, na huko ndiko alikokutana na Wachopi wa Msumbiji, mafundi wa timbila, marimba zile kubwa zinazopigwa na watu kwa makumi. Aliandika kitabu juu yao, Chopi Musicians, kikatoka 1948.

Kisha akaacha mshahara. Miaka ya arobaini na kitu, na familia, akaacha kazi ya serikali aende kuzunguka porini na lori. Mfanyabiashara wa santuri Eric Gallo ndiye aliyemwekea fedha, na bila shaka Gallo alitaka santuri za kuuza. Tracey alitaka kila kabila lisikike kabla halijanyamaza. Walielewana vya kutosha kuendelea.

Sasa tufike kwenye maiki, maana hii ndiyo niliyoitaka.

Vijana wengi niliowaona, Nakuru na hapa Mombasa, wanaamini kwamba sauti nzuri hutoka kwenye kifaa cha bei. Tracey alikuwa na kifaa ambacho leo kingewekwa jumba la makumbusho. Katika safari zake za mwanzo alikata sauti moja kwa moja kwenye sahani ya aluminiamu iliyopakwa rangi laini. Sindano inachimba mfereji, unyuzi wa rangi unatoka unaondolewa kwa uangalifu, na upande mmoja wa sahani unachukua dakika tatu hivi, basi. Mwimbaji akikosea, sahani imekwenda. Baadaye ndipo alipohamia kwenye kanda. Umeme ulitoka kwenye jenereta, na jenereta ikinguruma karibu hakuna unachonasa isipokuwa jenereta. Kwa hivyo mitambo ilikaa mbali na waimbaji, na waya mrefu ukavutwa hadi uwanjani.

Mwisho wa waya huo alikuwa Tracey mwenyewe, maiki mkononi. Picha zake nyingi zinamwonyesha hivyo: amewasogelea wapigaji karibu sana, mkono umenyooshwa, uso umeinama kama wa mtu anayesikiliza mgonjwa. Hakuisimamisha maiki kwenye mti akaenda kukaa kitini. Maiki ilikuwa moja tu, na yeye aliisogeza. Kiongozi akianzisha, ilikuwa karibu na mdomo wake. Waitikiaji wakijibu, aliirudisha nyuma au kuigeuza iwapate. Ala ikipata nafasi yake peke yake, aliishusha kwenye nyuzi. Kuchanganya sauti, kazi ambayo leo mpwa wangu anaifanya usiku kucha kwenye kompyuta, Tracey aliifanya kwa mkono na mguu, papo hapo, wimbo ukiendelea, na haukuwa na marekebisho.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini umbali una nguvu hivyo. Akanieleza kwa lugha ya dukani. Ukizidisha umbali wa mdomo na maiki mara mbili, sauti ya mdomo inayofika hupungua mpaka robo. Lakini mwangwi wa chumba haupungui, uko kila mahali vilevile. Kwa hiyo kila hatua unayorudi nyuma, unampunguza mwimbaji na kuliacha lile banda la mabati likiimba badala yake. Hii ndiyo sababu ya rekodi nyingi za nyumbani kusikika kama za ndani ya tangi la maji. Maiki haikuharibika, ila mtu alikaa mbali nayo, katika chumba kitupu chenye kuta za saruji.

Na ukikaribia mno nako kuna ubaya wake. Herufi za P na B hupiga maiki kama kofi, na zile maiki zinazosikiliza upande mmoja huvimbisha besi ya sauti kila unapozisogelea. Mpwa wangu huwapa watu kipimo cha shibiri moja, akaiweka maiki pembeni kidogo ya mdomo badala ya mbele yake, pumzi ipite zake. Mbele yake amefunga soksi nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya pete ya waya. Nilicheka. Lakini inafanya kazi.

Waadhini wetu wanajua mengi ya haya kuliko wanamuziki, ingawa hawajioni hivyo. Muadhini mzoefu huiacha maiki kifuani akitamka taratibu, hujitenga nayo anapopandisha sauti, na anajua kuwa akiielekeza kwenye spika itapiga mluzi mji mzima usikie. Wapo wasomaji watakaoniandikia kwamba mambo ya ala hayafai. Nawaheshimu, na khitilafu hiyo ni ya wanavyuoni si yangu. Ila dufu nayo na kasida zote zinapita kwenye maiki, na rekodi za maulidi tunazorushiana kwenye simu nyingi zimeharibika kwa sababu hizihizi: mtu kaweka simu juu ya spika, dufu zimevunja kila kitu, na maneno ya sifa za Mtume (s.a.w.) hayasikiki. Dufu ikipigwa sawasawa simu hujaa. Ni kama kumimina ndoo kwenye kikombe. Kinachotakikana ni kuondoka karibu na dufu, kumkaribia msomaji, na kujaribu kwanza ile sehemu ya kelele kuliko zote kabla ya kuanza.

Tracey alipenda kurekodi nje, chini ya mti, na hili lilinishangaza, kwa sababu sisi tukisikia studio tunawaza chumba kilichofungwa. Lakini uwanja hauna kuta, na pasipo kuta hapana mwangwi. Adui wa nje ni upepo. Ukipata mahali palipokingwa na upepo, mbali na barabara, umepata studio isiyolipiwa kodi. Nakuru hilo ni gumu, malori ya Eldoret na Kampala hayalali. Kapkatet ya 1950, penye vilima vya kijani kati ya Kericho na Sotik, ilikuwa na kimya kingi.

Alifika Kapkatet katika msafara mkubwa wa mwaka 1950 uliopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakipsigis wakamwimbia, na miongoni mwa nyimbo walizompa zilikuwa tatu zenye jina moja, Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume wenye chepkong, ala ya nyuzi iliyo ndugu ya nyatiti ya Waluo. Ya tatu ndiyo ile niliyoisikia Bondeni, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake. Jina hilo ni Jimmie Rodgers. Yule mfanyakazi wa reli wa Mississippi alikuwa amekufa tangu 1933, lakini santuri zake zilifika nyanda za juu za Kenya pamoja na gramafoni za Wazungu, na ulimi wa Kikipsigis ukalifinyanga jina lake. Tracey aliandika kwamba kwa wanaume neno lile limekuwa na maana ya kila kitu kigeni na kipya, na kwamba kwa wasichana mwimbaji yule alikuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, ambaye walimkaribisha acheze nao mpaka nguo zimvuke.

Maelezo hayo yamezunguka duniani kwa miaka sabini. Watu wa mbali huyapenda, kwa sababu yanawafanya wanakijiji waonekane wajinga watamu. Mimi nina mashaka nayo kiasi. Wasichana wanajua kutania. Mgeni amekuja na lori na waya, anauliza maana ya wimbo kupitia mkalimani. Nani angekosa kumwongezea chumvi? Bibi zetu wa Mombasa wangemwambia mambo makubwa zaidi, na yeye angeyaandika.

Hapo ndipo ninapogombana na Tracey. Alisikiliza kuliko Mzungu yeyote wa zama zake, lakini yeye ndiye aliyeamua kipi kisikilizwe. Alichagua nyimbo, akazipima dakika tatu, na hakupenda sana vitu alivyoona vimechanganyika na vya kigeni, ingawa uzuri ukimkabili alikubali. Mwaka 1952, huko Jadotville ya Kongo, sasa Likasi, alikutana na kijana mwenye gitaa, Jean Bosco Mwenda, akamnasa wimbo Masanga, na gitaa la Kikongo halikurudi kuwa lilivyokuwa. Mwenda baadaye alikuja kukaa Nairobi, wazee wetu wakamsikia redioni. Gitaa ni la kigeni. Tracey alilirekodi vilevile.

La pili ni malipo na umiliki. Waimbaji walipewa kidogo, mkononi, siku ileile. Santuri zikatengenezwa Afrika Kusini, zikauzwa na kuhifadhiwa mbali, na wengi walioimba hawakuwahi kuisikia sauti yao tena maisha yao yote. Alikuwa mtu wa dola ya kikoloni, akipita kwa ruhusa ya madisii, akikusanywa watu na machifu. Huwezi kulisahau hilo hata sauti ikiwa safi namna gani.

Lakini sina budi kusema pia la Mengo. Mwaka 1950 na tena 1952 alirekodi wapigaji wa ikulu ya Kabaka wa Buganda: ngoma, marimba, filimbi, kila kikosi na zamu yake, kazi iliyorithiwa baba hadi mwana. Mwezi Mei 1966 jeshi la Obote likiongozwa na Idi Amin liliivamia ikulu ile. Kabaka akakimbilia uhamishoni, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na wale wapigaji wakatawanyika. Ufalme uliporudishwa 1993, vizazi vilikuwa vimepita bila mafunzo ya ikulu. Kwa sehemu kubwa ya namna vikosi vile vilivyosikika, shahidi ni santuri za Tracey. Mtu angependa shahidi awe Muganda mwenye mitambo yake mwenyewe. Hakuwepo.

Pwani yetu bahati ilikuwa tofauti kidogo. Tulikuwa na Siti na Bombay, kisha Sauti ya Mvita redioni miaka ya 1950, na tulikuwa na Assanand pale Mombasa na santuri za Mzuri, zilizotuhifadhia taarabu ya Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Biashara ilifanya kazi ambayo Bara ilifanywa na mtafiti. Ila biashara hurekodi kinachouzwa. Taarabu iliuzwa. Nyimbo za mabibi ndani ya nyumba, za kubembeleza mtoto, za kutwanga, za vugo kabla ya harusi, nani angezinunua?

Na hapa ndipo penye haya yangu.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa kiongozi wa vugo. Alikuwa mtu wa kupiga pembe na kuanzisha, na wanawake wa mtaa mzima humwitikia. Nyimbo nyingine alizipata kwa mama yake, na sijui mtu mwingine aliyekuwa nazo. Miaka kumi iliyopita, tayari mgonjwa, alikubali nimrekodi. Nilimkalisha chumbani kwake alasiri moja, nikaweka simu kwenye meza ya dawa, nikaona nimefanya kazi. Aliimba kwa takriban nusu saa, kwa sauti ya chini kwa sababu pumzi zilikuwa chache. Simu ilikuwa hatua mbili tatu kutoka kwake. Juu kulikuwa na feni, inazunguka, kwa sababu ilikuwa Februari na hakuna anayezima feni Mombasa mwezi wa Februari. Sikusikiliza nilichonasa mpaka baada ya arubaini yake.

Ni feni. Nusu saa ya feni, na kwa mbali sauti kama ya mtu anayeimba nyumba ya pili. Maneno matatu manne yanatambulika. Nilimpelekea fundi, akapunguza feni kwa programu yake, na alipoipunguza feni, mama naye akapungua.

Mpwa wangu alipoisikia mwezi ule wa Disemba hakunilaumu, ni mtoto mwenye adabu. Aliniambia tu kwamba Nakuru ana bahati, baridi ya huko haihitaji feni. Halafu akachukua simu ileile ya bei ndogo niliyokuwa nayo, akaniketisha, akaizungushia leso, akaishika kwa mkono shibiri moja na nusu kutoka mdomoni mwangu, chini kidogo ya kidevu, akaniambia nisome Fatiha kwa sauti ya chini kabisa. Nikasoma. Aliponichezea niliweza kusikia midomo yangu ikifunguka. Kifaa kilikuwa kilekile.

Tracey mwenyewe alijua kwamba maiki peke yake haitoshi. Mwaka 1954, kwa msaada wa mfuko wa Nuffield, alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg. Akatoa mfululizo wa santuri 210 alioupa jina Sound of Africa, kila wimbo na kadi yake: nani ameimba, wapi, lini, kwa lugha gani, ala gani, imewekwa nyuzi vipi. Hizo kadi ndizo zilizonifundisha mimi mwandishi kuliko maiki yake. Tuna simu zilizojaa sauti zisizo na majina. Miaka thelathini ijayo mjukuu atafungua faili, asikie bibi anaimba, asijue ni bibi gani. Mtu akirekodi, basi mwanzoni kabisa ataje kwa mdomo jina la mwimbaji, mahali na tarehe, ndani ya rekodi yenyewe, isije karatasi ikapotea. Na nakala ziwe zaidi ya moja, katika nyumba zaidi ya moja.

Kuanzia mwaka huohuo wa 1954 alianza kutengeneza kwa mauzo ala ndogo aliyoipa jina kalimba, ile ya vibao vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, aliyoibuni kutokana na mbira za Washona na ndugu zake. Imefika kila pembe ya dunia. Maurice White wa bendi ya Earth, Wind & Fire aliipandisha majukwaani Marekani. Mpwa wangu anayo moja ya plastiki, ya Kichina.

Tracey alifariki tarehe 23 Oktoba 1977 huko Afrika Kusini, na miaka ile vikwazo juu ya siasa za ubaguzi zilikuwa zimeshaitenga nchi ile na sehemu kubwa ya bara alilolirekodi. Mwanawe Andrew, naye mwanamuziki, akaihamisha maktaba kwenda Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Grahamstown, ambao sasa unaitwa Makhanda. Iko huko mpaka leo.

Mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo, pamoja na mradi wa Singing Wells ambao ndani yake wamo Ketebul Music ya Nairobi ya mzee Tabu Osusa, walianza kuzirudisha rekodi za 1950 kwa Wakipsigis na Waluo wenyewe. Walikwenda upande wa Kapkatet na nakala, wakawatafuta waimbaji na familia zao. Wengi walikuwa wamekwisha fariki. Baadhi ya waliokuwepo siku ya lori walikutwa hai, wazee sana, na wakasikilizishwa sauti zilizonaswa miaka zaidi ya sitini nyuma. Yule kijana aliyekuja Bondeni aliupata wimbo kwa njia hiyo, simu kwa simu, kutoka kwa mtu wa kwao.

Siku ile mvua ilipokatika, alirekodi wake. Ameuchukua mzunguko wa nyuzi za Chemirocha akauweka kwenye gitaa, na maneno ni yake, juu ya bei ya majani chai. Mpwa wangu aliishika maiki kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Nilimuuliza kama amejifunza kwa Tracey, akaniambia hapana, kigingi cha maiki kimevunjika.

Mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama, yuko Kisauni, ana miaka sabini na minane. Hakuwa kiongozi, alikuwa muitikiaji, lakini muitikiaji husikia kila kitu. Nimemuomba na amekubali, kwa sharti kwamba wanaume wasiwemo chumbani anapoimba, kwa hivyo binti yangu ndiye atakayeshika simu. Tumefanya mazoezi naye wiki mbili, shibiri moja na nusu, leso, madirisha yamefungwa upande wa barabara, jina na tarehe kwanza. Tumechagua baada ya alfajiri, kabla ya bodaboda kuanza, na kabla joto halijafika la kuhitaji feni.